Dirisha kwenye Kava la Tangi

Happy aliamini kwamba yeye ndiye dereva. Kila asubuhi alikaa juu ya tangi la pikipiki mbele ya baba yake, akashika usukani katikati, na kila walipokutana na mbuzi alipiga honi kwa mdomo. Desderius hakuwahi kumsahihisha. Tangi lilivishwa kava la leza nyekundu lenye sponji nene ndani, na juu yake pameshonwa jina HAPPY kwa uzi mweupe. Bodaboda wote wa pande zile za Benaco huyavisha matangi yao, wengine mpaka wanatia vishada kama pazia la sebuleni, lakini hili halikushonwa kwa urembo. Kiangazi kilichopita tangi lilipata moto kwa jua likamchoma mtoto mapaja, na Desderius akaapa kwamba mwanawe hatakaa tena juu ya chuma kitupu.

Alimshusha shuleni, kisha akapita zahanati ya kijiji. Ilikuwa Alhamisi, siku ya sampuli. Kila Alhamisi alichukua vikopo vya makohozi ya watu wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu, akavipeleka maabara, Ngara mjini, kule juu kilimani. Ofisi iliyompa kazi hiyo ilimpa pia kizibao chenye nembo na kisanduku cha kutunza ubaridi. Mahali pa kukiweka hicho kisanduku haikumpa, kwa hiyo alikifunga kwenye keria ya nyuma kwa mpira wa tairi, na barabara ikafanya yake.

Kwenye benchi la zahanati alikuwa amekaa Mzee Matiasi na koti lake zito, anakohoa ndani ya kitambaa. Desderius alipomwona alitamani kugeuza pikipiki. Mara mbili mzee huyo ametembea kutoka ng'ambo ya bonde kuleta makohozi, na mara zote mbili kikopo chake kimefika Ngara kimemwagika. Maabara haipimi kilichomwagika. Inaandika tu kwamba mgonjwa arudie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo utanifikishia?"

Swali lilikuwa la upole, na upole huo ulimuuma Desderius kuliko matusi. Alijibu kwamba leo itafika.

Nesi Scholastika alimvuta pembeni akamwambia asiahidi watu hewa. Keria ya nyuma inaruka kila penye shimo. Mahali ambapo pikipiki hairuki sana ni mbele, kwenye tangi, katikati ya magurudumu mawili, chini ya mikono ya dereva. Anahitaji begi la tangi. Desderius alilijua hilo, maana aliliomba begi ofisini tangu masika. Msimamizi wake, Juvenali, alimjibu kwamba liko kwenye mchakato. Alipouliza tena wakati wa kiangazi, lilikuwa bado kwenye mchakato. Wiki iliyopita Juvenali aliongeza neno jipya: sampuli ikimwagika tena, kazi anapewa bodaboda wa mjini.

"Nipe mpaka saa sita," Desderius alimwambia nesi. "Naenda Benaco kununua mwenyewe."

Hela alikuwa nayo. Ilikuwa ya tairi la nyuma, ambalo limekwisha meno na kubaki laini kama embe bivu. Alipofika Benaco tairi lenyewe likamkumbusha haki yake kwa kutoboka, ikabidi aiache pikipiki kwa fundi pancha na kwenda dukani kwa miguu. Huko ndiko kosa lilikoanzia.

Nzeyimana, muuza vifaa vya pikipiki, alimtolea mabegi matatu. La kwanza lilikuwa zuri ajabu, lina mifuko ndani ya mifuko, lakini limetengenezwa kwa yale mapikipiki makubwa ya wazungu wanaozunguka dunia. Desderius alilipandisha kifuani likamgusa kidevu, akajiona anavyokata kona usukani umekwama na begi linamtazama usoni. La pili lilikuwa dogo, lingetosha simu na kitana. La tatu lilikuwa jeusi, la turubai gumu, upana wake ni kama limekipimia kisanduku, na chini yake limeshonewa sumaku nne.

"Hili halina kufunga wala kufungua," Nzeyimana alisema. Akalipachika kwenye mlango wa chuma wa duka, likanata. Akalining'inia kwa mikono miwili na tumbo lake lote, na begi halikusogea. Desderius naye akaning'inia. Wateja wawili wakaning'inia kwa raha zao. Begi likabaki pale kama limechomelewa, na hela ya tairi ikahama mfuko.

Kwa fundi pancha alilikalisha begi juu ya tangi, akalipigapiga kama mtu anavyompigapiga ng'ombe wake mpya, akawasha. Hakufika hata kwenye lami. Alipokata kona ya kwanza begi liliteleza kutoka kwenye leza nyekundu likamwangukia mguuni. Akalirudisha. Likaanguka upande wa pili. Vijana wa kijiweni walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na fundi pancha, bila kuinua macho kutoka kwenye tairi alilokuwa akiliziba, akasema kwamba sumaku haijui sponji.

Desderius alirudi dukani. Nzeyimana alimwonyesha kibao kilichosema mali ikishauzwa hairudi, kisha akamshauri avue kava, kazi kwisha. Desderius alitazama lile jina la uzi mweupe. Saa zilikuwa zinakwenda, na kule zahanati mzee anangoja. Alishika ukingo wa kava, akavuta kifungo kimoja, akaacha. Alimkasirikia Nzeyimana, akaikasirikia ofisi, na zaidi alijikasirikia yeye aliyepima begi kwenye mlango wa mtu kana kwamba atauendesha huo mlango kwenda Ngara.

Mwishowe aliisukuma pikipiki mpaka kwa mama Eustakia, aliyelishona kava lile na mengi ya pale Benaco, chini ya kibaraza kwenye cherehani ya miguu. Eustakia alisikiliza kisa chote huku anakata uzi kwa meno.

"Sasa baba Happy, begi linakaa hapo siku zote?"

"Siku ya sampuli tu. Siku nyingine ni kiti cha mtoto."

"Basi tufungue dirisha."

Akalilaza begi juu ya kava, akalichora kwa chaki kulizunguka, akakata leza na sponji pande tatu na kuuacha upande wa nne kama bawaba. Akashona kingo, akatia vifungo vya kubana. Dirisha likifunguliwa, chuma cha tangi kinabaki wazi na sumaku zinanata. Likifungwa, ni kava lilelile na HAPPY yuko mahali pake. Desderius alilipachika begi akalivuta, na pikipiki nzima ikasogea nalo. Alicheka peke yake, cheko la mtu aliyenusurika. Eustakia alikataa kulipwa siku hiyo, akasema atapanda bure kwenda kanisani Jumapili.

Saa sita ilikuwa imepita kidogo alipofika zahanati. Scholastika alikipanga kikopo cha Mzee Matiasi na vingine ndani ya kisanduku, kisanduku kikaingia ndani ya begi, na nesi akaonya kwamba begi hilo lisibebe kitu kingine chochote, hata mkate. Mzee aliinuka kwenye benchi akaja kulishika mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa polepole kuonyesha kuridhika.

Njia ilikuwa ileile na mashimo yaleyale, lakini Desderius aliyapita huku viwiko vyake vikiligusa begi pande zote, kama anavyompakata Happy. Alikipanda kilima cha Ngara bila haraka. Maabara walifungua kisanduku mbele yake. Vikopo vyote vilikuwa vikavu kwa nje na vimejaa kwa ndani. Mpokeaji akaandika kwamba vimepokelewa, na Desderius akamwomba amwonyeshe kwa kidole kile cha Matiasi.

Juvenali alimkuta nje akifunga begi. Alifurahi kweli, hakuwa mtu mbaya. Alilikagua kwa macho, akalisifu, kisha akatoa simu mfukoni, na kwa mkono mwingine stika yenye nembo ya ofisi.

"Simama pembeni ya pikipiki. Tunabandika hii hapa kwenye begi, napiga picha ya ripoti. Wanataka waone vifaa vimewafikia watendaji."

"Begi hili nimenunua mimi, kiongozi."

"Najua. Ni picha tu, Desderius. Haikupunguzii kitu."

Desderius aliona aibu, ingawa hakujua kwa nini aone aibu yeye. Alifikiri juu ya kazi, na juu ya yule bodaboda wa mjini. Kisha akalishika begi kwa mikono miwili, akalibandua, akalivaa mgongoni kwa mikanda yake. Kwenye kava likabaki dirisha wazi, na ndani yake bati lililokwaruzika, lina kutu pembeni.

"Piga hapo," alisema. "Hapo ndipo lilipotakiwa kukaa la ofisi."

Juvenali aliinua simu, akaishusha. Akasema lile la ofisi liko kwenye mchakato.

"Sawa, kiongozi. Nitaliachia nafasi."

Alishuka kilima taratibu kwa sababu ya tairi, lakini moyoni alikuwa mwepesi kuliko alivyokuwa tangu masika. Hakujua kama Alhamisi ijayo ataitwa. Alijua kwamba makohozi ya mzee yako kwenye meza ya maabara, na kwamba hakuna picha yake inayosema uongo.

Nyumbani Happy alimkimbilia, akadai mzunguko wake wa jioni. Desderius alifunga dirisha, kifungo baada ya kifungo, akamkalisha juu ya jina lake. Mtoto akageuka kulitazama begi mgongoni mwa baba.

"Baba, nani amekupa?"

"Tairi la nyuma," Desderius alisema, akawasha pikipiki, akamwambia dereva wake aende polepole.