Chumba cha Nesta na Mtamba Wake

Jumamosi moja ya mwaka 1952, Nesta alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake pale Tunduma, akichambua kambale wakavu wa Rukwa, wakubwa huku, wadogo kule. Anania mwenye duka akafika kumwambia kwamba nyumba sasa ni yake. Fanueli, mwenye nyumba wa zamani, alikuwa amemuuzia nyumba, ua na kila kilichomo uani, kisha akavuka mpaka kwenda kutafuta kazi migodini. Hakumuaga Nesta, mpangaji wake.

"Mama Elizabeti, naomba unipishe chumba," alisema Anania. "Nataka kuweka magunia."

"Karibu, baba. Ila tulipatana na Fanueli nikae mpaka mavuno ya ulezi ya mwakani. Na yule mtamba zizini ni dhamana niliyompa Fanueli. Nikitoka, natoka naye."

Anania alisema yeye hakupatana na mtu. Akavua kofia, akaingia chumbani kukikagua, akatokea nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Alirudi akaingia tena. Migomba. Aliingia kinyumenyume, akaingia amefumba macho, akaingia amebebwa mgongoni na mpagazi wake Lwitiko. Lwitiko alibaki chumbani akiangaza huku na huku, na Anania akawa kwenye migomba peke yake. Majirani walikuja kutazama, maana watu wa Tunduma hupenda kujua mambo. Mmoja aliuliza kama gunia lingepita. Gunia la Anania lilikwenda kwenye migomba. La kuazima lilipita vizuri. Marta, mke wa Anania, aliingia bila taabu, akapewa kambale, na tangu siku hiyo akawa anasukia nywele humo.

Shauri likafika barazani. Mzee wa baraza, Raphaeli, alikuja mwenyewe, akamwamuru Anania aingie, akazunguka nyuma kumpokea. Aliona inatosha. Alisema mapatano hayafi kwa sababu nyumba imebadili mwenyewe, kwa hiyo chumba ni cha Nesta mpaka mavuno ya mwakani.

"Na mtamba?" aliuliza Nesta.

Raphaeli alimtuma Anania zizini. Anania aliingia, akamshika mtamba sikio, akatoka kwa mlango uleule. Zizi halikuwa na neno. Nesta alimwita mtamba kwa jina, naye akainua kichwa, lakini ng'ombe yeyote huinua kichwa akiitwa na aliyemkuza.

"Aliyempokea ni Fanueli," alisema Raphaeli. "Mdai Fanueli."

"Fanueli yuko ng'ambo, mzee, na baraza lako halivuki mpaka."

"Ndiyo hivyo, mama."

Ilikuwa dhuluma, na Raphaeli alijua, kwani alikataa hata chai.

Nesta alikaa kwa amani. Kila Jumapili baada ya ibada Anania alijaribu mlango, si kwa ubaya tena, ila kuona kama bado. Bado. Ulezi ulipokwisha kuvunwa, Nesta alikunja mkeka, akambeba mwanawe Elizabeti mgongoni, akatoka. Anania akaingia. Chumba kilimpokea, akakisifu kuwa kikavu.

"Naomba mtamba wangu, baba."

"Nilimnunua pamoja na ua, mama," alijibu Anania kwa upole, akamsaidia kujitwika mzigo.

Nesta alipanda hadi kwa Amoni, ambaye alikuwa na chumba kitupu chenye dirisha. Amoni alimwonyesha pa kupikia, akamsifia mtoto, akasema dhamana ni ng'ombe mmoja, kama kwa wenye nyumba wote.

"Wangu ni yule kule chini," alisema Nesta. "Yule ambaye sasa ana ndama."

Amoni alikinga jua kwa mkono, akalitazama zizi la Anania kwa makini. Alikubali kwamba ni ng'ombe mzuri, tena kwamba ni wa Nesta, hilo hakuna asiyelijua. Kisha akafunga chumba, akaenda kula.