Kibonyezo cha Saksafoni

Msinipe hongera. Tangu Ijumaa kila anayepita mbele ya nyumba yetu hapa Maparoni ananiambia, "Hongera Mwanamkuu, tumekusikia redioni," na mie kila nikiambiwa hivyo naona nimetukanwa matusi ya nguoni. Hamkunisikia mie. Mlisikia kibonyezo. Kaeni niwaambie, na atakayecheka katikati aondoke kwangu.

Saksafoni nimeipuliza miaka thelathini na moja. Kabla yake nilijaribu zumari, kwa sababu baba yangu, mzee Mwinjuma, ndiye aliyekuwa mpiga zumari wa visiwa hivi vyote. Siku ya kumtoa mwali yeye alianza kupuliza mwali akiwa bado ndani, na kwetu zumari haikatiki mpaka mwali aonekane mlangoni. Ikikatika, mwali anarudishwa, wanaanza upya. Kwa hiyo baba alikuwa anavuta hewa puani huku mdomo unapuliza, mashavu yamejaa, na husikii hata mara moja kwamba yule mtu anapumua. Mie nilishindwa. Nilijifunza miaka mitatu nikashindwa. Kila nikivuta pumzi inasikika hhaaa, na baba anafunika uso. "Unapumua kama ng'ombe anayevuka mto," aliniambia. "Aibu hiyo." Alinikemea hivyo nikiwa kigori na ananikemea mpaka leo, nami nina miaka hamsini na mbili na wajukuu wawili.

Nikaiacha zumari, nikaenda Dar, nikapata saksafoni kwenye bendi ya dansi, nikakaa huko miaka kumi na moja. Kwenye dansi kazi ya saksafoni ni kuitikia. Mwimbaji anasema nimeachwa, saksafoni inasema naam, kaachwa. Mwimbaji anasema nalia, saksafoni inasema naam, analia. Kazi nzuri, sikatai, lakini miaka kumi na moja ya kusema naam inachosha. Baba alipoanza kupoteza macho nikarudi kumtunza.

Basi miaka minne iliyopita akanifuata Mrisho. Huyu ni mwalimu wa hesabu, sekondari ya huko Kibiti, mtu wa mashambani wa kule juu, asiyejua hata kushika kasia, lakini gitaa analijua. Akaniambia anaunda bendi ya roki ya progresivu. Nikamwuliza ndiyo mdudu gani huyo? Akanipa memori kadi ina nyimbo za Wazungu, za zamani hizo, kabla mie sijaanza shule. Lahaula! Wimbo mmoja dakika ishirini na mbili! Hauna kiitikio. Unahesabu nne, ghafla ni saba, mara tano, na ukisema sasa nimeuzoea, umeshahama, kama Mto Rufiji. Nikataka kuirusha ile kadi majini. Halafu katikati, gitaa zimeshasema yao, mwimbaji kanyamaza, ikaingia saksafoni.

Haikumwitikia mtu. Ilikuwa inagomba! Inagomba na gitaa, inagomba na ngoma, inapiga kelele kama mtu aliyefika msibani akakuta ndugu wameshaanza kugawana vitu na maiti iko ndani. Nilikaa chini pale pale jikoni, wali ukaungua.

Nilipomwona Mrisho nikamwuliza, yule mpiga saksafoni kakasirikia nini? Akasema, "Ndiyo kazi yake huko, dada. Wimbo ukishajiona umekamilika, saksafoni inaingia kuuvuruga. Bila hivyo ni hesabu tupu." Maneno yake mwenyewe hayo, kwa kinywa chake. Yakumbukeni. Nikamwambia kazi hiyo naiweza, tena nimezaliwa nayo.

Tukatunga wimbo, Mto Umehama. Ni habari ya mwaka ule maji yalipokuja, mto ukaacha njia yake ukapita kwenye mashamba ya mpunga, na shamba la baba likaenda lote, hata mpaka wake hatuujui tena. Rukaya, binti anayepiga kinanda, anaimba mwanzo wake mpaka mzee anapofika ukingoni na kijiti chake anatafuta shamba. Hapo maneno yanakwisha. Dakika sita hakuna neno. Gitaa la Mrisho linakwenda kwa saba, mie nakwenda kwa tano, tunavurugana, tunakutana kila baada ya mapigo thelathini na tano. Alinichorea ubaoni kama mwanafunzi wake nikaelewa. Gitaa ni mzee anayehesabu hatua za shamba lake. Mie ndiye maji. Dakika zile sita nilizitoa tumboni mwangu, maana mzee yule ni baba yangu na mie nilikuwepo pale ukingoni nimemshika mkono. Sikuwa na kitu kingine nilichotaka katika dunia hii ila wimbo ule urekodiwe na mie nikiwa ndani.

Haya. Akapatikana fundi wa kurekodi, Twalha, anakuja kutoka Dar na mitambo ndani ya gari, siku mbili tu. Mrisho akatuma salamu kwa Fikirini, mwenye boti inayotupeleka bara, Nyamisati: dada achague siku. Nikamjibu kwa Fikirini huyo huyo: mwezi sita. Nyie mnanielewa. Huku kwetu mtu akitaka kusafiri hasemi Jumatano, maana maji hayajui Jumatano, anahesabu siku tangu mwezi uandame. Mwezi sita maji yanajaa saa mbili asubuhi, boti haikwami kwenye tope, unafika Nyamisati umevaa viatu.

Mrisho akahesabu, mwezi sita kwake ukaangukia Jumanne, akamwita fundi Jumanne. Sasa msikitini anakosali yeye walifuata mwezi ulioonekana nchi nyingine huko. Sisi jioni ile tulikodoa macho mpaka yakauma, hatukuona kitu, tukauona kesho yake. Mwezi sita wetu ni Jumatano. Na simu yangu, kama mnavyojua, mtandao haipati mpaka mtu apande kwenye kile kichuguu nyuma ya zahanati.

Jumatano saa nane mchana nikashuka bodaboda pale Kibiti, saksafoni mgongoni, gauni jipya, na kwenye leso nimefunga ndimi tatu za matete. Ule ulimi mwembamba unaotetemeka pale pa kutia mdomo, mie nachonga mwenyewe kwa tete la mtoni, wa dukani nimeshasahau sura yake. Tatu zile zilinichukua wiki nzima. Nikaingia chumba walichokodi, namkuta Twalha anakunja nyaya.

"Ala! Mbona mnafunga na mie ndiyo nafika?"

Mrisho akasema, "Dada, jana tumekusubiri kutwa. Simu hupatikani."

"Jana? Jana si mwezi tano?"

"Jana mwezi sita, dada."

Tukatazamana. Halafu tukaelewa wote kwa pamoja, na mie nilicheka. Wallahi nilicheka! Nikasema haya, mwezi umetuchezea shere, hapa hakuna wa kulaumiwa, fundi fungua mitambo yako nipulize. Nikatoa leso, nikaanza kulowesha ulimi mmoja mdomoni. Hakuna aliyejongea. Rukaya akawa anaangalia kucha zake.

"Tumeshamaliza, dada," Mrisho akasema.

"Mmemaliza nini?"

"Wimbo."

"Mmeumalizaje, na maji yalikuwa Maparoni?"

Twalha, kwa wema wake, akaniwekea nisikie. Rukaya kaimba, vizuri sana, Mungu ambariki. Mzee kafika ukingoni. Maneno yakaisha. Ikaingia saksafoni. Nikageuka kuangalia nyuma, nani huyo? Ilikuwa sehemu yangu, noti kwa noti, tano zangu zile zile, ila laini, safi, imeoga imepaka mafuta. Haikugombana na mtu. Mrisho anahesabu saba zake pale, yenyewe inapita pembeni na kumwomba radhi.

"Nani huyu?"

Rukaya akanionyesha kinanda. Kina kibonyezo, kidogo kama punje ya hindi, pameandikwa saksafoni.

Hapo nyongo ikanipanda. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Nilimwambia Mrisho, hivi wewe ulinifuata kisiwani unitoe kwenye kazi ya kuitikia, ukanifundisha kugomba, ukaniambia bila saksafoni ni hesabu tupu, halafu leo saksafoni ni kibonyezo? Kwa hiyo mie miaka minne hii nilikuwa nashikilia nafasi ya kidole cha Rukaya? Rukaya akaanza kulia. Nikamwambia wewe nyamaza, mwanangu, sijakugombeza wewe, wewe uliambiwa bonyeza ukabonyeza.

Nikamgeukia fundi. "Nusu saa tu, baba. Dakika sita ndiyo zangu, zilizobaki za kutayarisha ulimi."

"Mama, kesho alfajiri nina kazi ya watu Dar," Twalha akasema. "Ila bwana Mrisho akisema nifungue, nafungua."

Mnasikia? Akisema nifungue, nafungua. Tukamtazama Mrisho wote watatu. Naye, mwalimu mzima, akakuna shingo akasema, "Dada, kusema kweli imetoka nzuri. Haina kosa hata moja. Redio wanaisubiri Ijumaa." Halafu akaongeza, kwa sauti ya kunibembeleza kama mgonjwa, "Tutaandika jina lako. Hakuna atakayejua."

Hakuna atakayejua!

Nikaukunja ule ulimi mbichi ndani ya leso. "Mrisho," nikamwambia, "kosa la mwezi nimekusamehe, maana na mie nimekosa. Kibonyezo sikusamehe." Nikatoka. Njia nzima mpaka Bungu nilikuwa nasema peke yangu nyuma ya bodaboda, yule dereva akadhani naongea naye, akawa ananijibu.

Ijumaa baada ya sala wakaupiga. Mtangazaji akataja majina, na langu akalitaja, saksafoni Mwanamkuu binti Mwinjuma wa Maparoni. Baba alikuwa barazani kaegemeza redio sikioni. Nikanyoosha mkono niizime, akanipiga kofi mkononi. "Acha nisikie." Nikakaa jikoni nikaziba masikio kwa kanga, na bado nikasikia, maana nyumba zote zilikuwa zimefungulia. Dakika sita zile zilipokwisha watu wakapiga vigelegele. Mwanaidi wa jirani akaja mbio na sahani ya vitumbua. Hongera, shoga yangu, leo umetutoa kimasomaso! Nikapokea vitumbua, nikasema ahsante. Ningesema nini? Nikaona Mrisho kashinda. Hakuna aliyejua.

Mwanaidi alipoondoka, baba akaniita.

"Nani yule aliyekuwa anapuliza?"

"Wamesema mimi, baba. Hukusikia jina?"

"Jina nimesikia. Nauliza aliyepuliza."

Akaizima redio mwenyewe, akapapasa akaiweka chini.

"Huyu hapumui," akasema. "Nimemsikiliza mwanzo mpaka mwisho. Mie nilipuliza miaka arobaini bila watu kusikia pumzi yangu, lakini pumzi ilikuwepo, na mpigaji mwenzangu angeijua. Huyu hana. Mwanangu mie anapumua kama ng'ombe. Wamemweka nani mahali pako?"

Enyi watu, nililia. Sikulia Kibiti, nililia pale barazani, hasira zote za wiki zikatoka puani. Miaka yote hii nilikuwa naionea haya pumzi yangu kwa ajili ya mzee huyu, kumbe ndiyo anayonijulia.

Nilipomaliza kulia nikamshika mkono, nikamwambia twende. Tukapanda kile kichuguu nyuma ya zahanati, taratibu, yeye na fimbo yake. Nikampigia Mrisho. Alipopokea akaanza, "Dada, umeusikia? Watu wamepiga simu redioni..." Nikamwambia nyamaza, unaongea na mwenye shamba. Nikamwekea baba simu sikioni.

"Mwalimu," baba akasema, "shikamoo yako utanipa baadaye. Nimesikia wimbo wa shamba langu. Yule anayehesabu saba nimemjua, ni mie. Aliyeimba ana sauti nzuri. Lakini siku ile nilikuwa na mwanangu, alinishika mkono, alikuwa anahema. Kwenye wimbo wako simsikii. Mwanangu yuko wapi?"

Nikamsikia Mrisho kwa mbali, kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeshikwa anaiba: "Sikumweka, mzee."

Baba akanirudishia simu, akafuta mikono kwenye kikoi kama mtu aliyemaliza kula.

"Dada," Mrisho akasema, "niambie nifanye nini."

"Uje huku wewe. Uje na gitaa, na huyo fundi wako na mitambo yake, na nyote mtapanda boti ya Fikirini. Kinanda kibaki Kibiti. Nitapulizia hapa, barazani, mbele ya mzee, na mkono wako ukichoka kwenye saba, shauri lako."

"Lini?"

"Mwezi ishirini."

"Mwezi ishirini wa nani, dada?"

"Wa kwetu," nikamwambia, nikakata simu.