Kisiwa ya Gérard

Kama unataka kuelewa bubaya ya ile foto, anzia kwanza ku buzuri yake. Ilikuwa nzuri, tuseme tu kweli. Hata miye mwenye nasimulia, na hii kichwa yangu nguvu, siku niliiona mu telefone ya mutu nilishangaa: kumbe batoto ya Butembo banafikaka mbali hivi!

Mu ile foto, Ananie na Kyakimwa, bibi yake ya ndoa, bamesimama ku kando ya bahari. Maji ni ya bluu mupaka mwisho, muchanga ni mweupe, nyuma yabo kuko minazi. Ananie amevaa miwani ya jua, anakunywa nazi na mrija. Kyakimwa amechomeka maua mu nywele. Na chini kabisa kumeandikwa na herufi ya zahabu: Maldive, Lune de miel, ni kusema fungate.

Eh, Maldive! Ile Maldive ilikuwa nyuma ya soko ya Butembo, mu chumba moja ya mabati yenye kuvuja, studio ya Gérard. Bahari ilikuwa beseni ya kufulia nguo. Nazi ilikuwa papai mbichi yenye Gérard alitoboa na kisu. Bingine byote alibitia na ordinateur, kompyuta yake.

Huyu Gérard alikuwa na kitabu kidogo ya batouriste, commerçant moja, mutu wa biashara, alimuletea kutoka Dubai. Mu katikati yake kulikuwa liste ya bitu kumi byenye mutu anapashwa kufanya akifika ku kisiwa: kuogelea na samaki, kulala mu hamac ya kuning'inia ku miti, kupanda mutumbwi, kukula kamba mukubwa yenye banaita langouste, kuangalia jua inashuka mu bahari, na bingine bya namna ile. Gérard aliipigilia misumari ku ukuta. Bachumba balikuwa banachagua tatu ao ine, banapigwa foto mbele ya kitambaa ya kijani, banaenda. Ananie alisema anataka byote kumi. Mutu anaoa mara moja, alisema, na kule kwenyewe nani atatufikisha?

Siku tatu kisha ndoa yabo, balishinda pale asubuhi muzima. Kwa kuogelea, Ananie alilalia tumbo juu ya meza, anapigapiga miguu. Mutumbwi ilikuwa benchi, na kasia ilikuwa fagio. Hamac ilikuwa kikwembe yenye kufungwa ku dirisha na ku mulango. Langouste ilikuwa samaki ya ziwa ya Kyavinyonge, na ile balikula kweli kisha foto. Munajua baridi ya Butembo asubuhi, na Kyakimwa alikuwa mabega inje. Wakati alitia miguu mu beseni alipiga kelele, juu ile maji ya robinet, ya bomba, ilikuwa imelala inje, na Ananie akacheka mupaka akakaa chini. Gérard alipiga moja, kisha akangojea amalize kucheka. Kama unaniuliza siku gani hawa babili balikuwa na furaha kupita zote, nitakuambia ni ile.

Mu quartier, ku mutaa yabo, kila mutu alijua ni montage, foto ya kuunganisha, na hakuna mwenye aliona bubaya. Shida ilikuwa Ananie mwenyewe. Alikuwa ananunua kakao upande ya Beni, na kule ku madepo ya kakao hakuna mwenye anamujua Gérard. Banamuuliza: kweli ulifika? Badala ya kusema hapana, anacheka, anasema maji ya kule ni ya moto. Na mama yake, Mama Orpa, mwenye wakati ile alikuwa anaishi Kayna, alipata zile foto mu telefone, akazionyesha bamama bote ya kanisa. Kisha vita ikamufukuza Kayna, akakuja kuishi kwabo Butembo, na hakuna mwenye alikuwa na nguvu ya kumuvunja roho. Kyakimwa alisema mara mingi: muambie mama kweli. Ananie alikuwa anajibu: kesho.

Mardi moja, siku ya Jumanne, balimuteka Ananie mu shamba moja ya kakao, ngambo ya Beni. Batu ya pori, benye bunduki. Benzake babili balikimbia, njo balileta habari. Ile siku tu telefone ya Kyakimwa ililia, namba ni ya bwana yake, na sauti ya mutu mwingine ikasema bei ya kumukomboa. Ilikuwa bei ya kawaida. Ndiyo, tumefika pale: kwetu kuko bei ya kawaida ya mutu, na kila familia inaijua. Sikuli, ndugu mukubwa ya Ananie, akauza mbuzi na kiwanja, kanisa ikachanga, na ku siku ya tatu bei ilikaribia kufika. Kyakimwa akaanza kupumua. Akafua shati mbili ya bwana yake, juu akirudia asikose ya kubadilisha.

Jeudi ile sauti ilipiga tena. Haikusalimia. Iliuliza kama yeye njo ule mama wa maua mu nywele.

Balikuwa bamefungua telefone ya Ananie, bameona foto zote kumi. Ile sauti ilizihesabia Kyakimwa moja kwa moja, polepole, sawa mwalimu mwenye anasoma majina ya banafunzi: huku munaogelea, huku munakula langouste, huku munalala mu hamac. Kisha ikasema, mwanaume mwenye anapeleka bibi yake Maldive hawezi kukombolewa na mbuzi. Bei ikapanda mara kumi. Balipewa mupaka dimanche, Jumapili.

Kyakimwa aliapa. Alisema ni studio, ni kitambaa ya kijani, ni papai. Telefone ikakatika. Akakimbia mupaka kwa Gérard na viatu ya ndani ya nyumba, akamuomba foto ya kwanza, ile yenye ilipigwa mbele ordinateur haijatia bahari. Gérard akashika kichwa na mikono mbili. Machine yake ni kidogo, alisema, akimaliza kazi anafuta byote bya kwanza. Ndiyo, anafuta kila siku, ni vile alizoea. Hata hivyo akatoa mu tiroir ya meza bakarte mémoire yake yote ya zamani, akaanza kuzipima moja moja, jasho inamutoka, na Kyakimwa anasimama nyuma ya kiti yake anaomba Mungu na sauti. Ku karte ya saba balikuta moja tu.

Ilikuwa ya beseni. Byote bilionekana: kitambaa yenye mikunjo, povu ya sabuni, fagio, papai, ukuta yenye unyevu. Kyakimwa alikuwa amefungua kinywa anapiga kelele, na Ananie kichwa nyuma, anacheka. Kyakimwa alikuwa hajaiona hata siku moja. Akaituma palepale ku namba ya bwana yake, na maneno: angalieni, hii njo Maldive yetu, tuhurumieni.

Jibu ilikuja vendredi. Sikuli alikuwa pale, Mama Orpa alikuwa pale, Kyakimwa akafungua haut-parleur ili bote basikie. Ile sauti haikukasirika. Ilikuwa hata na upole.

"Mama," ilisema, "studio yenye iliweza kupeleka mutu Maldive, itashindwa kumutoa kule na kumuweka mu beseni?"

Sema sasa, weye mwenye unasikiliza, ungejibu nini? Miye nimetafuta mupaka leo. Kyakimwa alisema batume mutu Butembo, aingie kwa Gérard, aone kitabu, aone kitambaa. Sauti ikasema Beni muzima inajua kama Ananie alifika, na yeye mwenyewe njo aliisema ku madepo. Kisha bakamupatia Ananie telefone.

"Kyakimwa," Ananie alisema, "usiseme tena hapana. Kila mara ninasema hapana, bananipiga. Nimeshasema tulifika. Na weye sema tulifika."

Kyakimwa aliangalia Sikuli. Sikuli aliangalia chini.

"Tulifika," Kyakimwa akasema.

"Sasa tunasikilizana," ile sauti ikajibu, na ikakata.

Hii njo yenye inaniumaka. Ukisema kweli, banamupiga. Ukisema uongo, banataka franga yenye haiko. Hakukuwa mulango hata moja. Samedi Éliakim, pasta ya kanisa yabo, alipanda pikipiki na franga yote yenye balikuwa nayo, bei kamili ya mutu wa kawaida, akaifikisha mupaka fasi yenye balionyeshwa. Balipokea. Balituma neno kama hii ni ya kuanza. Dimanche ikapita, na ile namba haikupatikana tena. Kyakimwa aliipiga kila saa kwa siku mingi, mupaka Sikuli akamunyanganya telefone mu mukono.

Bavijana ya kule njo balimukuta Ananie chini ya miti ya kakao. Balimuzika Beni siku ileile, juu habakuweza kungoja. Wakati Kyakimwa alifika, alikuta udongo umeshafunikwa, na mutu moja akamupatia ile miwani ya jua ya bwana yake.

Matanga ilifanyika Butembo. Mwili hauko, basi foto njo inakaa ku kiti mbele ya batu, ni vile tunafanyaka. Gérard alikuja analia, akasema atamuvalisha Ananie costume na cravate na ordinateur, atatoa bahari, ataweka nyuma rangi moja ya kutulia, bure. Kyakimwa alitaka ile ya beseni, lakini hakuisema. Nani anaweka mufu mu beseni ya nguo mbele ya pasta? Mama Orpa akakata maneno. Musimuguse, alisema, mumuache fasi alikuwa muzuri. Ndiyo vile Maldive ilikaa ku kiti siku zote tatu, na maua pembeni, na batu banapita mbele yake banainamisha kichwa.

Siku ya tatu, kisha batu kutawanyika, Mama Orpa alikuja kukaa ku mukeka karibu ya Kyakimwa. Akamuambia mambo ya bei imeisha, hakuna tena mutu wa kudanganya. Yeye alielewa tangu mwanzo kama balikuwa banakatala Maldive juu ya kupunguza bei, na hakukasirika, hata yeye angekatala. Sasa alitaka tu kusikia. Maji ya kule ilikuwa baridi?

Kyakimwa alikumbuka ile robinet. Alikumbuka kelele yake, na Ananie ameanguka chini na kicheko.

"Hapana, Mama," akasema. "Ilikuwa ya moto."

Na akasimulia. Alimusimulia byote kumi, hakuruka hata moja: vile samaki inapita kati ya miguu, vile Ananie alipiga kasia mupaka mikono ikamuuma, vile langouste inalainika mu kinywa, vile jua inashuka ndani ya maji na batu bote bananyamaza. Mama Orpa alikuwa anaitikia na kichwa, mukono yake iko ku kando ya foto. Wakati Kyakimwa alimaliza, yule mama alinyoosha foto ku kiti.

"Sasa, mutoto wangu," akauliza, "fasi nzuri hivi, mulirudia nini huku?"

Kyakimwa alifungua kinywa. Alitafuta mu ile liste yote ya Gérard, kutoka ya kwanza mupaka ya kumi, na hakukuta. Akaangalia ku kiti. Ananie alikuwa angali anakunywa papai yake, na Mama Orpa alikuwa angali anangojea jibu.