Mbwa wa Mlangoni mwa Kaburi

Kwa miaka kumi na tisa Don Wenceslao alikuwa mlinzi wa makumbusho yetu, huku mashambani nje ya mji wa Lambayeque, na muda wote huo aliwalaani wezi wa makaburi kuliko hata Daktari Llontop, mtaalamu wa mambo ya kale, anayeyafukua kwa kibali. Mimi hukata tiketi mlangoni. Laana zake nilishazizoea.

Ilipofika ile miwani ya uhalisia pepe, daktari alitaka wafanyakazi tuijaribu kwanza. Ukiivaa unajikuta ndani ya kaburi la kuhani wa kale, na vyungu vyake, na shanga zake, mwenyewe kalala chali. Mengi daktari aliyakisia tu, maana wezi walilikomba kaburi zamani.

"Vaa, Don Wenceslao," nilimwambia. "Au unaogopa maiti wa picha?"

"Maiti siwaogopi, Nélida. Naogopa wakata tiketi."

Akavaa. Ukumbi ulikuwa mtupu, naye akawa anatembea huku akipapasa hewa. Alipofika penye mlango wa kaburi aliinama, akainua mguu juu sana, akavuka kitu, akaushusha taratibu.

Nilicheka. Daktari hakucheka. Kwenye kompyuta alikuwa anaona kila anachokiona mzee, na pale mlangoni hapakuwa na kitu.

"Umevuka nini, mzee wangu?"

Don Wenceslao akavua miwani. Aliyewahi kuchimba kaburi auze vitu haajiriwi kwetu. Sote tuliweka sahihi kwamba hatujawahi. Naye alibakiza miezi minne astaafu.

"Ni goti lake hilo, daktari," nikasema haraka. "Linamsumbua."

"Siyo goti." Akavuta kiti, akakaa. "Ni mbwa, mifupa tu. Alilala pale mlangoni, kichwa ndani, anamwangalia bwana wake. Ilikuwa Ijumaa Kuu, nina miaka kumi na saba. Baba akaniambia nimvuke, nisimkanyage. Tulipomaliza kutoa vyungu, tukamtupa nje na kifusi."

Mifupa ya mbwa daktari alikuwa ameiokota kwenye kifusi, ikakaa sandukuni miaka tisa bila yeye kujua ilitoka wapi.

"Unajua itanibidi niandike nani kaniambia," alisema.

"Andika. Ila mrudishe mahali pake."

Akafanya yote mawili. Mbwa akaingia kwenye picha, na barua ya kumwachisha kazi mzee ikaja wiki ya pili yake.

Jumapili moja nilimwona kwenye foleni, kavaa shati jeupe la kanisani. Nilimkatia tiketi kama mgeni yeyote, na nakiri iliniuma. Nikamvisha miwani.

Alitembea mpaka mlangoni mwa kaburi, akasimama. Kisha akapiga magoti na kupitisha mkono hewani, karibu na sakafu, mara kadhaa. Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika.

"Vuka basi, Don Wenceslao," nilimnong'oneza. "Wenzio wanangoja."

"Nilishamvuka mara moja," alisema, akanirudishia miwani.