Matanga ya Jogoo Mwekundu

Miaka ishirini na miwili nimelisha watu tambi za Jogoo Mwekundu katika mgahawa wangu, huku ughaibuni, hatua chache kutoka barabara ya Chaussée d'Ixelles. Juu yake naweka sombe, yaani kisamvu, na dagaa, halafu namimina kile kipakiti cha pilipili kinachokaa ndani ya pakiti. Watu hukifuata kutoka kitongoji cha Auderghem hata mvua ikinyesha. Usiniambie niweke pilipili yangu. Nimejaribu, sahani zikarudi na nusu ya chakula.

Nyuma ya pakiti kuna picha ya mama wa mji wa mbali wa Surabaya, mjane aliyeanza kwa kuanika tambi kwenye nyungo ili watoto wake sita wasome. Nilimpenda siku ya kwanza. Sasa wajukuu wake wana kiwanda, kiwanda kina ofisi hapa mjini, Etterbeek, na ofisi ina Mukendi, kijana wa kwetu Likasi mwenye suti ya kubana.

Mukendi ndiye aliyekuja kuniambia kwamba kuanzia mwezi ujao pilipili haitakuwemo tena. Wazungu wanakohoa. Tena alitaka mimi na akina mama wa kwaya yetu tucheze kwenye sherehe ya kuzindua pakiti mpya. Akaacha vitenge kumi na viwili vyenye picha ya jogoo, bure.

Nilikasirika. Bila ile pilipili, mimi nauza maji ya moto. Lakini vitenge nilivipokea. Kijana aliondoka Likasi mdogo mno, akasahau kwamba kwetu sare huvaliwa arusini, na matangani pia.

Siku ya sherehe tuliingia ukumbini tumejifunga vile vitenge kiunoni, vichwa wazi, miguu mitupu. Tukatandika mikeka mbele ya jukwaa, tukaketi chini. Katikati nikaweka pakiti ya zamani juu ya sahani nyeupe. Antoinette, kiongozi wa kwaya, akaanzisha kilio.

"Jogoo yetu ee! Unatuacha na nani?"

Wageni walishusha uma zao. Kamera zote zikatugeukia. Mukendi akaja mbio, jasho linamtoka, akachutama karibu na sikio langu.

"Maman Euphrasie, c'est quoi ça? Ni nini hii? Mulikuya kucheza!"

"Tuko ku matanga, mutoto yangu."

"Lakini hakuna muntu alikufa!"

"Jogoo alikufa. Na ule mwenye alimuua, njo yeye alitupatia bitenge."

Wanawake wakacheka katikati ya machozi, kisha wakalia zaidi. Mukendi alishika kichwa. Akaniahidi katoni hamsini za pakiti za zamani, zote zilizobaki ghalani, mradi tusimame. Nakiri, moyo uliyumba. Magoti yangu ni ya mama wa miaka sitini na minne, na sakafu ya Etterbeek ni baridi. Lakini katoni hamsini huisha, na baadaye ningeuza nini?

"Bon, nitapigia Surabaya telefone leo," akasema. "Sasa musimame, maman, s'il vous plaît."

"Piga. Lakini matanga haiishake na telefone. Famille ya marehemu inakuyaka, inakaa chini na siye, inasema kifo kilitoka wapi. Bale bajukuu bakuye, bakae hapa ku mukeka."

"Surabaya iko mbali, maman!"

"Na Likasi, haiko mbali? Si ulifika hapa?"

Nikamsogezea mkeka Antoinette, tukaendelea kulia.