Fungu la Fundi

Walimwita Bi Futi kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni, na kwa sababu alikuwa mtu wa vipimo hata kwenye mambo yasiyopimika. Alishona sare za shule. Mzazi akimleta mtoto, Bi Futi alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu nimwachie upindo wa vidole vitatu, mwaka hauishi kabla hajarefuka." Na kweli mtoto alirefuka, kama vile aliogopa kumwangusha.

Yeye na mama yake walikuwa wamepanga vyumba viwili kwenye ua wenye choo kimoja cha nje. Mama alikuwa na magoti mabovu, na safari ya choo usiku wa mvua ilikuwa ni kulia njia nzima. Mwenye nyumba naye alikuwa na tabia ya kupandisha kodi kila alipoona wameingiza kitu kipya, hata godoro. Kwa hiyo Bi Futi alipopata kiwanja, na kikundi cha akina mama wenzake kikakubali kumkopesha, alikaa chini akapanga bajeti ya kujenga.

Bajeti ile inastahili kusifiwa. Alizunguka maduka ya vifaa akiuliza bei mpaka wauzaji wakawa wanajifanya wana simu. Saruji, nondo, kokoto, mchanga, mbao, mabati, kila kitu na gharama ya kukifikisha. Misumari aliiandika kwa kilo na kwa urefu wake. Alitenga hela ya maji, maana ukuta mbichi una kiu kuliko ng'ombe, na hela ya chai ya vibarua. Hata mwizi alipewa fungu lake, mifuko miwili ya saruji, kwa vile Bi Futi alijua kwamba ataiba tu, heri aibe ndani ya bajeti.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu na sebule. Cha mama kilikuwa cha nyuma, mlango wake hatua chache kutoka choo cha ndani. Cha pili cha Bi Futi mwenyewe. Cha tatu kilikuwa cha mbele, na dirisha pana linalotazama barabara, na hicho ndicho kilichobeba hesabu yote. Humo angeweka vyerehani vyake, wateja wangemwona, na kazi ingelipa mkopo. Wenzake wa kikundi walikuwa watu wema, lakini hati ya kiwanja waliishika wao, na wema wao ulikuwa na mwisho wa kila mwezi. Bila chumba cha mbele, nyumba ile isingefika mwaka mikononi mwake.

Ikabaki sehemu moja haina tarakimu, nayo ni ya fundi.

Alikuwa ameshaongea na fundi mmoja asiyemjua, mtu mkavu, akamtajia bei yake bila hata kukaa. Ilikuwa bei ya kuuma, lakini ilikuwepo. Bi Futi alitaka kuiandika, mama akamzuia.

"Unamwita mtu wa mbali na mjomba wako yupo?"

Ni kweli, mjomba alikuwepo. Kaka wa mama kwa tumbo moja, fundi mwashi tangu ujana, ambaye nusu ya kuta za mtaa ule zilipita mikononi mwake.

"Basi nimwandikie kiasi gani?" aliuliza Bi Futi.

"Mjomba wako unamwandikia bei? Yeye ni mfuko wa saruji?"

Bi Futi mwenyewe alikwenda kwa mjomba, akamkuta kwenye chumba alichopanga, anasugua mwiko wake kwa kipande cha tofali. Akamwamkia, akamweleza, akamwonyesha mchoro. Mjomba aliutazama kwa furaha ambayo haikuwa ya kuigiza.

"Nakujengea, mama," alisema. "Nakujengea nyumba ambayo hata ukigombana na mume ndani yake, jirani hasikii."

"Mjomba, mume mwenyewe sina."

"Atakuja akiona nyumba."

Wakacheka. Ndipo Bi Futi akauliza, kwa sauti ya chini, kuhusu malipo. Mjomba akatikisa mkono kama anayefukuza nzi.

"Hapo tutaelewana. Wewe si mwanangu?"

Tutaelewana. Lugha yetu ina maneno ya kutisha mengi, yenye radi ndani yake, lakini sijaona lililovunja nyumba nyingi kama hili lenye tabasamu. Anayelisema anamaanisha kitu, anayelisikia anasikia kingine, na wote wawili wanaagana wameridhika. Mtu mwenye akili angesema, "Mjomba, tuelewane leo." Lakini nani anamwambia hivyo kaka wa mama yake? Bi Futi, aliyempangia mwizi fungu, alirudi nyumbani akaweka kistari mahali pa fundi.

Na tuseme ukweli, alikifurahia kile kistari. Mali bila daftari hupotea bila habari, huo ndio ulikuwa wimbo wake, lakini siku ile alikisoma kistari akaona sifuri.

Mjomba alijenga, na hakuna wa kumsingizia. Tofali lililopinda alilirudisha. Kibarua aliyepunja saruji kwenye mchanganyiko alimfukuza asubuhi ile ile. Alipanda juu ya kuta na mgongo wake uliokwisha kwa kazi, akishuka anashika kiuno, anasema ni baridi tu. Hata yule mwizi wa kwenye bajeti hakupata chake, kwa sababu mjomba alilala kwenye jengo, juu ya mifuko ya saruji.

Kuta zilipofika usawa wa lenta, juu ya madirisha, moyo ulimsuta Bi Futi. Akatia hela kwenye bahasha, akampelekea mchana, vibarua wakiwa wanakula.

Mjomba aliitazama bahasha, hakuigusa. "Unanilipa?"

"Si kulipa, mjomba. Kidogo tu, ya sabuni."

"Mimi kibarua wako?"

Vibarua waliacha kutafuna. Bi Futi alijisikia vibaya kama aliyevua nguo mbele ya watu. Jioni mama naye alimnunia, akasema hajazaa mtoto wa kumdhalilisha ndugu yake. Basi akairudisha ile bahasha, na kesho yake akaitumia kununulia vigae vya chumba cha mbele, vyeupe vyenye ua la buluu. Alivichagua kwa raha sana. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, ile raha.

Nyumba ikaisha, wakahamia. Mama alikwenda choo cha ndani mara tatu siku ya kwanza, mbili kati ya hizo bila haja. Vyerehani vikapangwa chumba cha mbele, msaidizi akaajiriwa, na msimu wa kufungua shule ulikuwa mlangoni.

Jumapili ya pili mjomba akaja na mkewe, wamevaa vizuri. Wakakaribishwa chumba cha mbele, kati ya vyerehani. Mjomba alipapasa ukuta, akausifu, kisha akakaa.

"Sasa, mwanangu," alisema, "tuelewane."

Bi Futi aliweka kikombe chini. Alikuwa amejiandaa kwa hela. Alikuwa tayari hata kwa hela nyingi.

"Mimi sitaki hela yako," mjomba akaendelea. "Ningetaka hela ningeichukua siku ile. Nataka chumba hiki."

"Chumba hiki kipi?"

"Hiki tulichokalia."

Mkewe alikuwa anatazama vigae. Mjomba alisema polepole, bila ubabe, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yasijibike. Amejenga nyumba za watu tangu hajaota ndevu. Wote waliomlipa, aliila hela yao ikaisha, na hao hao anawasalimia kwenye milango aliyoipachika yeye, yeye hana hata mlango wa banda la kuku. Mgongo umekwisha, hii ndiyo kazi yake ya mwisho. Alipoona ni ya mpwa wake, alisema moyoni, hii sitakula. Hii nitaiacha isimame, nami niwe na pangu ndani yake.

"Mjomba, mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia tutaelewana."

Bi Futi alimtajia bei ya yule fundi mkavu, akaahidi kuilipa yote kwa mafungu, na nyongeza juu. Mjomba akatikisa kichwa. Bi Futi akamweleza kuhusu mkopo, kikundi, hati ya kiwanja. Mjomba akasema Mungu atafungua njia. Ndipo Bi Futi akamgeukia mama yake, maana nyumba ile aliijenga kwa ajili ya magoti yale.

Mama alikuwa ameinamisha uso. "Mpe," alisema.

"Mama, chumba hiki ndicho kinacholipa nyumba."

"Mpe. Huyu na mimi tumenyonya ziwa moja."

"Wewe si ndiye uliyeniambia nisimwandikie bei?"

"Nilisema usimwandikie bei," mama alijibu. "Sikusema usimpe kitu. Mtu mzima kama wewe, ulidhani anabeba matofali kwa kuwa anakupenda uso?"

Ndivyo hasa Bi Futi alivyokuwa amedhani. Alimchukia mama yake kwa dakika ile, na mjomba, na yeye mwenyewe kupita wote. Kesho yake vyerehani vilihamia chumbani kwake, kando ya kitanda. Mjomba alibadilisha kitasa.

Wateja walikuja wakakuta dirisha limefungwa, wakapita. Wachache walioulizia walizungushwa nyuma, wakapita sebuleni mbele ya mama aliyenyoosha miguu, wakapimiwa watoto katikati ya kanga zilizoanikwa. Mara ya pili hawakurudi. Marejesho ya kwanza aliyalipa kwa kuuza cherehani kimoja, na msaidizi akaondoka nacho, akiwa ameajiriwa na aliyekinunua. Chumba cha mbele muda wote huo kilikuwa kitupu. Mjomba hakuhamia. Ilisemekana anatafuta mpangaji.

Bi Futi akaenda kwake. Akamwamkia. Akasema anataka kukipanga yeye.

Safari hii mjomba alitaja bei. Aliitaja haraka, na kodi ya miezi mitatu mbele, na umeme juu ya mpangaji.

"Mjomba, hakuna hata punguzo? Mimi mwanao."

"Ndiyo mwanangu. Lakini wako watu wawili wameshanipa bei hiyo, na mimi dawa ya mgongo nainunua." Alisema kwa huruma ya kweli. "Biashara ni biashara, mama, tusichanganye."

Hela hizo ndizo alizokuwa ameziweka kwa marejesho ya kikundi. Kesho yake alizitoa, wakakutana nyumbani kwake, mlangoni pa chumba cha mbele. Akazihesabu mkononi mwa mjomba moja moja. Mjomba akampa ufunguo.

"Naomba risiti," alisema Bi Futi.

Mjomba akacheka. "Risiti ya nini tena? Sisi si ndugu?"

Bi Futi hakucheka naye. Alisimama palepale juu ya vigae vyake mpaka yule mzee akachoka kumtazama, akatafuta karatasi, akaiegemeza ukutani. Mama alikuwa sebuleni, mlango uko wazi, anasikia kila kitu. Mjomba aliandika kiasi, akaandika tarehe, halafu kalamu ikasimama.

"Hapa kwenye aliyelipa," aliuliza, "niandike mpwa wangu?"

"Andika mpangaji," alisema Bi Futi.