Nguo ya Picha Uani kwa Patasi

…elfu thelathini na nane, anaitamka kama anayemtupia mbwa mfupa, na juzi walikubaliana sitini, rupia elfu sitini, Patasi alisikia kwa masikio yake mwenyewe akiwa nyuma ya mlango, na leo huyu Lodha, muuza vitu vya kale kutoka Jaipur, ameitandaza nguo ya picha juu ya mchanga wa ua mchana kweupe, anaizunguka huku akisonya, imechanika hapa, imekula moshi pale, na haya madoa ya mafuta, mzee Bhomaram, nani atanunua madoa? naye Bhomaram, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, anakuna masharubu tu, kilemba kikubwa kichwani, na Patasi hawezi kumwambia kitu, mke hasemi na kaka mkubwa wa mumewe wala hamwonyeshi uso, basi akamgeukia mbuzi aliyefungwa kigingini, akapaza sauti chini ya ushungi, “Wewe mbuzi, mwambie mkubwa wa nyumba sitini ni sitini! Na mgeni wake mwambie madoa hayo ni yangu, nimeyadondosha mimi, asiyataje kama kinyesi cha kuku!” Lodha akacheka, “Mbuzi wako ana mdomo mkali, mama,” na yeye, “Ana na akili, hauzwi kwa nusu bei,” hata Bhomaram akatabasamu, lakini nguo bado iko pale chini, juani, tena Lodha amevaa viatu mbele ya kitu kinachosujudiwa… nguo hii haikunjuliwi kabla jua halijazama, Bhomaram anajua, kwao wamezaliwa na mwiko huu, vipi amemruhusu, vipi na yeye mwenyewe ameruhusu, amesimama tu anabishania bei, na kibaya zaidi hawezi kuacha kuitazama, maana hajawahi kuiona yote, miaka yote ile ameiona kipande kwa kipande, pale tu kibatari kilipofika, Hajari mumewe mbele na zeze lake, njuga miguuni, anaimba na kuzunguka, yeye nyuma na mwanga, mkono mmoja ushungi mkono mmoja taa, akiimba mstari wa pili kwa sauti ya juu kuliko ya mumewe, na sasa hii hapa, nzima, ndefu kuliko ukuta wa nyumba, kumbe ni jiji zima, kumbe pale katikati shujaa wa wimbo wao ameketi kwenye baraza lake mkubwa kuliko wote, na farasi wake mweusi shingo imepinda kama upinde, na ngamia hao wanakuja na kule simbamarara, miti ya kijani iliyobanwa kwenye kila upenyo, mchoraji yule hakuacha hata nafasi ya kuweka kidole, nyuso zote rangi ya chungwa, mavazi ya kifalme mekundu, maji ya bluu ya nili, rangi za mawe aliyosaga mwenyewe, na hakuna hata mmoja anayemtazama mtu wa nje, wote wanatazamana wao kwa wao, wana mazungumzo yao, Lodha anawazunguka na hesabu zake na wao hata hawageuki… alikuwepo siku ya macho, ndiyo, kule Shahpura, bi harusi bado, mchoraji alimaliza kila kitu akaacha macho ya shujaa meupe, akamngoja Hajari aoge, akae, ndipo akachovya brashi nyembamba na kutia mboni, na pale pale akarudi nyuma akaiunganishia viganja kazi yake mwenyewe, mtu aliyekuwa akitema mate ya tambuu pembeni yake mwezi mzima, akaisujudia, maana tokea hapo haikuwa nguo tena, ilikuwa shujaa mwenyewe… na kitu chenye macho kikichoka kinapelekwa Pushkar, kinapozwa, kinazamishwa katika ziwa takatifu kama majivu ya mzee, ndivyo Hajari alivyosema akiwa kitandani, “Ikichoka usiiaibishe,” naye akaitikia, akaitikia kweli, kisha mvua mbili zikapita na mwanawe Kheta ana zeze bila nguo ya picha, maana hii imechoka, na mwimbaji bila nguo ni mpiga kelele wa harusini tu, na mchoraji wa Shahpura hafanyi kazi kwa dua, ndiyo maana alijiambia ya zamani itazaa mpya, ubaya uko wapi, hakumwibia mtu… “Mzee,” Lodha anasema, “nikuambie ukweli, hivi ilivyo haiuziki, ndefu mno, nitaikata vipande vinne, farasi ataenda hotelini, baraza litaenda Mumbai, na huku pembeni kumechorwa ovyo ovyo, hadithi haina mpangilio, huyu anaondoka huku, anafika kule upande wa pili, mchoraji alilewa?” Alilewa! Patasi anawaka moyoni, mjinga wewe, imechorwa kwa mahali, si kwa mfuatano wa matukio, kila mji una mahali pake, ndiyo maana nilikimbia na taa, kutoka pembe hii hadi pembe ile, shujaa anapanda farasi hapa karibu na goti langu na anafika kule karibu na bega la Hajari, na katikati hapo giza, watu wote wameshika pumzi wanangoja mwanga ufike, ndiyo hadithi yenyewe hiyo, na akikata, farasi ataondoka Jaipur na asifike popote, atakimbia juu ya ukuta wa hoteli mguu hewani, na ndugu wa shujaa wanamtazamia Mumbai, na doa hili karibu na ukwato, hapa ndipo mafuta yalipomwagika wanawake wote wa kijiji walipolia pamoja, mkono wangu ukashindwa kushika taa, huyu atalikata nusu… Kheta atachukia, Kheta atakwenda kupiga zeze hotelini kama wenzake mpaka tutakapochanga pesa za nguo mpya, na achukie, mimi ndiye niliyeitikia… “Haya, yaishe,” Lodha anasema, anatoa bahasha, “sitini, kama mbuzi alivyosema,” na Bhomaram ameshanyoosha mkono, jua liko pale pale, mbuzi anatafuna, na Patasi anajisikia akiongea, na anayeongea naye ni mkubwa wa nyumba mwenyewe, uso kwa ushungi, bila kupita kwa mnyama yeyote:

“Shemeji, rudisha mkono. Kunja nguo unipe. Ni ya ziwa.”